Kumwambia Mtu si Kumwongoza

Wako watu wengi wanaodhani ya kuwa mtu akisha kuambiwa jambo, basi amekwisha kufundishwa. Mganga amesema, mgonjwa amesikia. Mwalimu ameandika ubaoni, mtoto amenakili. Mtaalamu wa lishe amewahutubia kina mama chini ya mwembe, nao wamepiga makofi. Na kila mmoja hurudi kwake akiamini ya kuwa kazi imekwisha. Miezi mitatu baadaye yule mgonjwa ameacha dawa, yule mtoto hawezi kusoma mstari mmoja, na mtoto wa yule mama hajaongezeka uzito. Ndipo lawama huanza: "Watu hawa hawasikii."

Ndugu msomaji, twathubutu kusema ya kuwa aghalabu watu husikia vizuri sana. Wanachokosa ni mtu wa kukaa nao mpaka jambo walilolisikia liwe jambo wanalolitenda. Vijana wa mpira humwita mtu wa namna hii kocha, na katika miaka ya karibu neno hilo limetoka uwanjani likaingia hospitalini, katika vyumba vya tiba ya viungo na mashuleni. Wengine hulicheka, wakiona ni jina jipya la kuombea fedha za wafadhili. Lakini mtazame kocha mwenyewe katika kazi yake. Hasomi sheria za mpira mbele ya wachezaji kisha akaenda zake. Husimama kando ya uwanja, huutazama mguu wa mchezaji, humwambia jambo moja, na kesho yake yupo pale pale akitazama kama lile jambo limeshika. Wazee wetu wa pwani hawakuwa na neno hilo, lakini walikuwa na somo na kungwi, nao hawakuwa wahutubu; walikuwa watu wa kukaa na mwari siku nyingi, wakimwona akitenda na kumrekebisha. Mwalimu wa chuo naye hufanya vivyo hivyo: kila mtoto huja mbele yake na ubao wake au juzuu yake, husoma, hukosea, hurekebishwa, wala hapandishwi kwenda sura nyingine mpaka ile ya kwanza imekaa sawa mdomoni. Hatulijadili, basi, jambo geni.

Tumechagua kulitazama katika Nyanda za Juu Kusini, yaani Iringa na Mbeya, kwa sababu huko ndiko tofauti baina ya kujua na kutenda inakoonekana wazi kuliko mahali pengi pa Tanzania.

Iringa ni ghala la chakula. Mahindi, maharage, viazi na njegere hushuka kutoka huko kwa malori mpaka Dar es Salaam. Mbeya ina mpunga wa Kyela na Mbarali, na ndizi na parachichi za Rungwe. Mgeni apitaye njia kuu kutoka Mafinga mpaka Uyole angedhani ya kuwa hapana mtoto wa huko awezaye kulala na njaa. Hata hivyo uchunguzi wa taifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha ya kuwa katika mkoa wa Iringa watoto 57 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko inavyopasa kwa umri wao kwa sababu ya lishe duni na maradhi ya mara kwa mara. Hapana mkoa mwingine uliofikia kiasi hicho. Njombe, ambayo mpaka mwaka 2012 ilikuwa sehemu ya Iringa, ilikuwa na 50 katika 100, ilhali kwa nchi nzima ni 30. Na la kusikitisha zaidi ni kwamba katika uchunguzi wa mwaka 2018 Iringa ilikuwa na 47. Idadi ilipanda katika miaka ile ile ambayo mabango na semina za lishe zilikuwa nyingi.

Udumavu si ufupi wa kimo peke yake. Mtoto aliyedumaa katika siku elfu moja za mwanzo, tangu mimba mpaka kutimiza miaka miwili, huwa rahisi kushikwa na maradhi, na akili yake hucheleweshwa pamoja na mwili wake. Yaliyopotea katika siku hizo ni magumu mno kurudishwa. Kwa hiyo mama hana wakati wa kungoja mpaka semina ya mwaka ujao.

Sasa tumfikirie mama mmoja wa Kilolo. Hana jina; ni mfano tu, ingawa wasomaji wetu wa huko watamtambua. Amehudhuria kliniki kila mwezi. Amekwisha kuambiwa, tena na tena, ya kuwa mtoto akitimiza miezi sita apewe chakula pamoja na maziwa ya mama. Ya kuwa uji uwe mzito, utiwe karanga zilizosagwa au yai au dagaa. Ya kuwa mtoto wa miezi tisa ale mara tatu au nne kwa siku. Ya kuwa anyonyeshwe mpaka miaka miwili, jambo ambalo mama wa Kiislamu amelijua hata kabla ya kuambiwa na muuguzi. Ukimwuliza atakujibu yote bila kukosea. Lakini mtoto hupewa uji mwepesi mara mbili.

Mhudumu wa kwanza akija, atayarudia yale yale kwa sauti kubwa zaidi. Mhudumu wa pili huingia kwa "Kamwene", aketi, kisha aulize: "Mama, ukiwa shamba, mtoto hubaki na nani?" Hapo mambo hufunguka. Mvua imeanza Novemba, shamba liko mbali, mama huondoka alfajiri na kurudi jioni. Mtoto amebaki na dada yake wa miaka minane, na dada huyo ameachiwa chupa ya uji. Uji mzito haupiti katika chupa. Basi mafundisho yote ya kliniki yalikuwa yakishindwa na tundu la chupa! Mhudumu huyu haanzi kumkemea mama. Humwuliza, "Katika haya yote, ni lipi unaloliona wewe kuwa laweza kubadilika juma hili?" Mama asema ya kuwa anaweza kuacha bakuli na kijiko, na karanga ataziponda usiku. Ni jambo dogo. Wakakubaliana siku ya kuonana tena. Na siku hiyo ikifika, mhudumu hupiga hodi.

Hiyo hodi ya pili ndiyo kazi yenyewe. Bila ya hodi ya pili, yote yaliyotangulia ni mazungumzo mazuri tu. Siku ya pili huenda ikaonekana ya kuwa kijiko kilifaa siku mbili, kisha bibi mzaa baba akasema mtoto atapaliwa. Basi bibi naye aketishwe, aheshimiwe, aulizwe alivyowalea wa kwake. Huenda ikaonekana ya kuwa mayai yapo, ila yauzwa yote, na mwenye kuamua ni baba. Basi mkutano ujao ni na baba. (Na hapa twapenda kusema kwa pembeni: mikutano ya lishe ambayo haina mwanamume hata mmoja, hali mfuko wa nyumba ushikwa na mwanamume, imetushangaza siku zote.) Mradi wa Lishe Endelevu, uliofanya kazi Iringa, Dodoma, Morogoro na Rukwa tangu mwaka 2018 mpaka 2023, ulijengwa kwa sehemu kubwa juu ya wahudumu wa afya ngazi ya jamii na vikundi vya kijijini, kwa kutambua ya kuwa kliniki peke yake haifiki jikoni.

Watu watauliza: je, yako mahali ambapo kurudi huko kumepimwa, au ni maneno ya kupendeza tu? Yako, na mfano mmoja watoka kwetu. Katika Dar es Salaam na Lusaka madaktari walichagua wagonjwa wa virusi vya Ukimwi wapatao 2,000 ambao walifika kliniki wakiwa wamechelewa mno, kinga yao imekwisha kushuka sana. Nusu yao walipewa matibabu ya kawaida. Nusu nyingine walipewa matibabu yale yale, wakapimwa pia maradhi ya fangasi ya ubongo, na zaidi ya hayo walitembelewa nyumbani kila juma kwa majuma manne ya mwanzo na watu wa kawaida waliofunzwa, ambao si madaktari wala wauguzi, na waliolipwa kwa kazi yao. Matokeo yalitangazwa mwaka 2015. Baada ya mwezi wa kumi na mbili, katika wale wa matibabu ya kawaida walikuwa wamekufa 18 katika 100. Katika wale waliotembelewa, 13. Kipimo cha fangasi kilikuwa na sehemu yake katika kuokoa, hatusemi ni matembezi peke yake. Lakini roho zilizobaki ni nyingi, na matembezi manne si gharama ya kutisha.

Jambo hili lawahusu watu wa Nyanda za Juu hasa. Kwa uchunguzi wa mwaka 2022 na 2023, watu wazima wenye virusi hivyo walikuwa karibu 13 katika 100 huko Njombe, 11 Iringa, na karibu 10 Mbeya, ilhali kwa nchi nzima ni kama 4. Njia kuu ya malori kwenda Zambia, mashamba makubwa ya chai na msimu wa vibarua vimelaumiwa kwa miaka mingi. Dawa zipo, tena ni bure, na siku hizi wengi hula kidonge kimoja tu kwa siku. Mtu anayekila kila siku huishi miaka mingi, na virusi vikififizwa mpaka visionekane katika kipimo, hamwambukizi mwenzi wake kwa njia ya unyumba. Kinachobaki ni kile kidonge kimoja cha kila siku, mpaka mwisho wa uhai. Nani awezaye kumsimamia mtu katika jambo la namna hiyo?

Kwa hiyo kliniki zetu zimewatumia wenye maradhi hayo wenyewe, wale waliokwisha kuzoea dawa na kupata nguvu, wawe washauri wa wenzao. Huitwa WAVIU washauri. Mshauri wa namna hii ana jambo moja ambalo daktari hana: anaweza kusema "mimi pia". Lakini yeye naye aweza kuharibu kazi, akigeuka kuwa polisi wa vidonge. Mgonjwa aliyekosa siku tano akiulizwa, "Kwa nini hukula dawa?" atajibu uongo wa adabu. Akiulizwa, "Siku zile tano zilikuwaje?" huenda akasema kweli: alikuwa safarini na utingo mwenzake akamwona na kopo, akaogopa, au mume hajui, na kidonge hufichwa katika debe la unga.

Chukua mwezi wa Ramadhani. Kila mwaka wako wagonjwa wanaoacha dawa kimya kimya kwa sababu wametia nia ya kufunga na wanaona haya kusema hivyo mbele ya muuguzi. Muuguzi asiyeuliza hatajua. Anayeuliza wiki mbili kabla ya mwezi kuandama ataweza kupanga pamoja na mgonjwa wake: anayekula kidonge kimoja kwa siku aweza kukila wakati wa futari au wakati wa daku, na saa ile ile ishikwe kila usiku. Mwenye kisukari anayejipiga sindano jambo lake ni zito zaidi. Ni lazima mganga wake ampime na kumpangia mapema, na wako ambao wataambiwa wazi ya kuwa wasifunge, na sheria imewapa ruhusa wagonjwa. Mgonjwa aliyeshirikishwa katika kupanga huwa mwepesi kukubali ruhusa hiyo. Aliyekatazwa kwa ukali hufunga kwa siri, na kwa siri huzimia.

Tuje katika utengamao, yaani kumrudisha mtu katika shughuli zake baada ya ugonjwa au ajali, au kumwezesha aliyezaliwa na ulemavu. Hapa familia zetu zina upendo mwingi ambao wakati mwingine hudhuru. Mzee amepigwa na kiharusi; upande wa kulia umelegea. Anarudishwa nyumbani, na tangu siku hiyo halishiki bakuli, hafungi kifungo, hatembei hata mpaka mlangoni, maana watoto na wajukuu wote wako tayari kumfanyia. Ni heshima, wala hatuikejeli. Lakini mkono usiotumiwa husahau, na miezi ya mwanzo, ambayo ndiyo miezi ya kurejea nguvu, hupita mzee akiwa amelala.

Mtaalamu wa tiba ya viungo aweza kuagiza: inua mkono mara kumi asubuhi, mara kumi jioni. Mzee atainua siku mbili. Lakini akiulizwa, "Mzee, katika yote uliyoyapoteza, ni lipi unalotaka lirudi kwanza?" pengine atajibu ya kuwa ataka kutawadha mwenyewe. Sasa mkono una kazi. Kushika kata, kuinamisha, kufikisha maji kwenye uso, kupangusa kichwa; kila kimojawapo ni zoezi, tena ni zoezi la mara tano kwa siku ambalo hapana haja ya kukumbushwa. Mtaalamu hutazama anavyofanya, humwonyesha mwanawe mahali pa kumshika na, zaidi ya hapo, mahali pa kutomshika. Kule Australia wataalamu wa tiba kwa vitendo Fiona Graham, Sylvia Rodger na Jenny Ziviani waliandika mwaka 2009 juu ya njia ya namna hii kwa ajili ya wazazi wa watoto wenye ulemavu: mzazi ndiye ataje lengo, mzazi ndiye afikiri pamoja na mtaalamu kinachozuia, mzazi ndiye ajaribu nyumbani, kisha warudi kuangalia. Mtaalamu huzuia ulimi wake usiwe wa kwanza kutoa jibu. Kazi ngumu hiyo kwa mtu aliyesoma miaka minne!

Haifai hata hivyo kuficha upande wa pili. Huko India madaktari walijaribu katika hospitali 14, kwa wagonjwa 1,250 wa kiharusi, kuwafunza jamaa zao wawafanyie mazoezi nyumbani. Matokeo yalipotolewa mwaka 2017 hapakuonekana tofauti: baada ya miezi sita, katika kila kundi, 47 katika 100 walikuwa wamekufa au wanategemea wengine. Wengine walisema basi njia hii haina faida. Sisi twaona somo lake ni jingine. Jamaa walipewa mafunzo wakati mgonjwa yumo hospitalini, na baada ya kurudi nyumbani uangalizi wa wataalamu ulikuwa mchache. Kumtwika binti wa nyumba mzigo wa mtaalamu, kisha kumwacha nao, hakumfanyi binti awe mtaalamu; kwamfanya achoke. Serikali yoyote itakayoona katika habari hizi njia ya kupunguza wataalamu wa tiba ya viungo itakuwa imezielewa kinyume.

Mjini Iringa kuna mahali ambapo jambo hili laonekana kwa macho. Karakana ya Neema Crafts, iliyoanzishwa mwaka 2003 chini ya dayosisi ya Kianglikana ya Ruaha, ilianza na vijana watatu viziwi waliofundishwa kutengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo. Leo watu wenye ulemavu wa namna mbalimbali hufuma, hushona na kutengeneza mapambo hapo. Mkahawa wake una wahudumu viziwi, na mgeni huandika anachotaka au hujaribu kukionyesha kwa mikono. Na kuna sehemu ya tiba ya viungo kwa watoto. Kuna familia zilizowaficha watoto wao chumbani zikiona aibu. Mzazi anayefika pale na mtoto asiyekaa, na kumwona mtu mzima mwenye ulemavu akifanya kazi na kupokea mshahara, amekwisha kupata nusu ya mafunzo kabla mtaalamu hajafungua mdomo.

Na mashuleni? Watoto wengi wa nchi hii wamekuwa wakifika darasa la tatu na la nne bila kusoma sawasawa habari fupi ya Kiswahili. Desturi ya miaka mingi ni kuwaita walimu mjini kwa semina ya siku kadhaa, wapewe daftari na posho, warudi. Mwalimu hurudi katika darasa la watoto themanini au zaidi, hufungua daftari la semina, hulifunga, na kuendelea alivyokuwa akifundisha. Katika jimbo la North West la Afrika ya Kusini jambo hili lilijaribiwa kwa miaka miwili, 2015 na 2016, katika shule 230 ambazo watoto husoma kwanza kwa Kitswana. Kundi moja la shule walimu wao walifunzwa kwenye kituo. Kundi jingine walipata vitabu na mipango ya masomo ile ile, lakini mkufunzi aliwafuata darasani, akawatazama wakifundisha, akawaelekeza. Watoto wa kundi hili la pili walipata maendeleo karibu mara mbili ya wale wa kundi la kwanza. Baadaye, katika jimbo la Mpumalanga, walijaribu kumweka mkufunzi kwenye simu na kompyuta ya mkononi ili kupunguza gharama; baada ya miaka mitatu aliyefika mwenyewe darasani ndiye aliyeshinda.

Iringa ilikuwa miongoni mwa mikoa minne ya bara, pamoja na Morogoro, Mtwara na Ruvuma, iliyoingizwa katika mradi wa Tusome Pamoja tangu mwaka 2016, na baadaye Jifunze Uelewe. Humo maafisa elimu kata walifunzwa kuwasaidia walimu wa madarasa ya mwanzo katika kusoma, kuandika na kuhesabu, na serikali ilikuwa imewapatia pikipiki za kuzungukia shule zao. Nchi nzima sasa ina utaratibu uitwao MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, ambao walimu wa shule moja hukutana wenyewe kwa wenyewe kuchambua masomo yao. Ni mpango mzuri. Ugumu wake ni kumbukumbu. Mwalimu wa Tanzania akimwona afisa anaingia darasani na kukaa nyuma na kalamu, moyo wake humwambia ni mkaguzi, na mkaguzi huandika ripoti. Hapana mtu anayejaribu njia mpya mbele ya mkaguzi. Huonyesha ile aliyokwisha kuizoea. Afisa yule yule akitakiwa Jumatatu amnyoshee mwalimu mkono wa msaada na Jumanne amwandikie barua ya kujieleza, mwalimu atamtendea kama afisa wa Jumanne siku zote mbili.

Pwani walilitambua jambo hili mapema. Wazee wa Kiislamu wa Mombasa walipohuzunika ya kuwa watoto wao hawapati nafasi katika shule nzuri, walipeleka shida yao kwa Aga Khan, na katika miaka ya themanini ukazaliwa mpango wa shule za awali ndani ya madrasa. Bi Swafiya Said, mwalimu wa Mombasa, ndiye aliyekuwa nguzo yake ya mwanzo. Mwaka 1990 mpango ulifika Zanzibar na mwaka 1993 Uganda. Walimu walikuwa mabinti wa mtaa ule ule, wengi bila elimu kubwa. Wakufunzi hawakuwafunza mara moja na kuwaacha. Waliwatembelea katika vyumba vyao vya kufundishia kwa muda wa kama miaka miwili, wakikaa sakafuni pamoja na watoto, mpaka shule ikaweza kusimama. Mkufunzi yule hakuwa na uwezo wa kumshusha mtu cheo. Alikuwa na uwezo wa kurudi tu.

Sasa twafika penye uzito. Kazi hii haionekani. Bango huonekana, semina hupigwa picha, gari jipya la mradi hupokelewa kwa ngoma. Lakini mama mmoja wa makamo anayetembea na mwavuli kutoka kitongoji mpaka kitongoji haonekani, na fedha zikipungua yeye ndiye wa kwanza kuachwa. Mwaka 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake, na mwezi Julai wa mwaka huo shirika lake la USAID lilifunga shughuli. Miradi mingi tuliyoitaja hapa, ya lishe, ya kusoma na ya ushauri wa wenye virusi, ilitegemea mfuko huo. Dawa serikali itazitafuta, maana bila dawa watu watapiga kelele. Je, nani atapiga kelele kwa ajili ya hodi ya pili?

Kwa bahati njema, kabla ya hapo, mwezi Januari 2024, serikali ya Tanzania ilizindua mpango wake wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ukitazamiwa kufikisha wahudumu 137,294 katika miaka mitano, watakaofunzwa kwa miezi sita na kukaa katika jamii wanazozihudumia. Hatuna neno juu ya hesabu hiyo. Neno letu ni juu ya miezi sita itakavyotumiwa. Mhudumu akifunzwa orodha ya mambo ya kuwaambia watu, tutakuwa na mabango 137,294 yanayotembea. Akifunzwa kuuliza, kungoja jibu na kurudi, huyo atafaa, hata akiwa hakusoma sana. Huko Harare tangu mwaka 2006 Dokta Dixon Chibanda amewatumia bibi wa mtaa, wakiwa wameketi kwenye viti vya mbao nje ya zahanati, kuwasikiliza wenye kusongwa na mawazo; katika jaribio la watu 573 lililotolewa mwaka 2016, baada ya miezi sita waliobaki na dalili za sonona walikuwa 14 katika 100 miongoni mwa waliokaa na bibi, na 50 katika 100 miongoni mwa wengine. Bibi hao walifunzwa kwa muda mfupi tu. Uvumilivu walikuja nao wenyewe.

Lipo pia la kufanywa na wenye nyumba. Tangu mwisho wa mwaka 2017 wakuu wa mikoa wameingia mkataba wa lishe na serikali kuu, na kila halmashauri imeagizwa kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano kutoka katika mapato yake. Fedha hizo hupangwa kabla ya mwaka wa serikali kuanza mwezi Julai, na diwani wa kata yako huketi katika kikao kinachozipitisha. Msomaji wa Kilolo, wa Mufindi, wa Rungwe au wa Mbarali aweza kumwuliza diwani wake ni kiasi gani cha shilingi hizo kimekwenda katika semina, na kiasi gani kimekwenda katika posho ya mtu anayefika mlangoni kwa mara ya pili.